Baba Hayupo Zamuni

Kila Jumamosi, jua likianza kuteremka, Melania aliacha mchezo. Alinawa mikono, akatwaa bakuli la bati, akasimama mbele ya mama yake.

"Mayu, la Baba."

Mayu ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama. Paskalina alikata tonge kubwa la ugali wa mtama, akaliweka bakulini pamoja na mlenda kidogo. Siku ambayo mboga imekosekana aliweka michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa juani. Melania alilifunika bakuli kwa jani, akaenda nalo hadi njia panda, kule inakotokea njia ya mgodini. Aliketi juu ya jiwe, akangoja. Giza likianza kuingia, alirudi.

"Leo pia zamu haijaisha," alisema.

"Haya, mwanangu. Njoo ulale."

Asubuhi Paskalina aliwatupia kuku ugali ule, mtoto akiwa bado amelala. Kisha alikwenda shambani. Alilima pamba, mtama na karanga kama wanawake wote wa kijiji kile kilichokuwa chini ya vilima vya Geita. Jioni mbili kwa wiki alikwenda kigangoni kujifunza kusoma. Alikuwa mtu wa sala. Alisali akiamka, akilima, akipika. Lakini tangu mwezi wa saba sala zake zilikuwa na shimo katikati, kwa sababu kulikuwa na neno moja ambalo hakuruhusiwa kulitamka nyumbani kwake.

Mume wake, Cornel Nkwabi, alikuwa amekufa.

Cornel alifanya kazi mgodini, akilala kambini siku za kazi na kurudi nyumbani kila Jumamosi. Mwezi wa saba mwaka ule wa 1952, alishikwa na homa kali. Siku ya nne akafa. Walimzika makaburi ya kambini. Melania, mwenye umri wa miaka saba, hakuona kitu. Siku ile ile alikuwa amechukuliwa akapelekwa kwa watu wengine, kama desturi ya ukoo ilivyotaka.

Baada ya mazishi, kaka wa marehemu aliwakusanya watu. Jina lake Bujiku. Alikuwa mfugaji, mtu mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde.

"Mtoto haambiwi habari ya kifo," alisema. "Kifo kikitajwa mbele ya mtoto, kinalijua jina lake. Huyu ataambiwa baba yake yuko zamuni. Zamu ndefu. Atakua, atasahau."

Kisha alimgeukia Paskalina.

"Shemeji, nikisikia umemwambia, namchukua. Ng'ombe wa mahari tuliwatoa sisi. Mtoto ni wa ukoo."

Paskalina aliinamisha kichwa. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani.

Basi miezi mitatu ikapita hivyo.

Jumamosi moja mwishoni mwa mwezi wa kumi, mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Paskalina alikuwa akipepeta mtama. Alisikia sauti ya jirani yake ikipiga kelele kutoka bustanini.

"Mama Melania! Wee Mama Melania! Mtoto wako anakwenda wapi na kamba?"

"Kamba gani?"

"Kamba ya katani! Ya marehemu! Kapita hapa anaivuta kama nyoka. Kaelekea kule kwenye mashimo!"

Paskalina alitupa ungo. Mtama ukamwagika wote.

Nyuma ya kijiji, mwendo mfupi tu, kulikuwa na mashimo ya zamani. Watafuta dhahabu waliyachimba kabla ya vita, wasipate kitu, wakayaacha bila kuyafukia. Majani yalikuwa yameota pembezoni, kiasi kwamba mgeni hakuweza kuyaona mashimo. Mbuzi walikuwa wakitumbukia humo na hakuna aliyekwenda kuwatoa.

Wanawake wawili walikimbia. Jirani alikuwa mnene na si kijana, lakini siku ile alitangulia.

Walimkuta Melania amelala kifudifudi kwenye ukingo wa shimo. Kichwa na mabega vilikuwa vimening'inia ndani. Alikuwa amelifunga bakuli kwa kamba, akiliteremsha taratibu, huku akiita.

"Baba! Chakula hiki! Baba, kama umechoka, shika kamba nikuvute!"

Udongo wa ukingoni ulianza kumeguka. Jirani alijitupa chini, akamdaka mtoto kifundo cha mguu. Paskalina akamshika mguu wa pili. Walimvuta nyuma mpaka kwenye majani. Kamba ikawaponyoka. Bakuli likaanguka. Ilipita muda kabla hawajasikia likigonga chini.

"Mmeangusha chakula cha Baba!" Melania alilia, akirusha mateke.

"Melania! Ulitaka kufa?"

"Nyinyi hamtaki kumsaidia! Zamu gani hii, Mayu? Zamu za wenzake zinakwisha kila siku. Baba yake Athanas anashuka na anapanda. Baba yangu amekwama, na nyinyi mnakaa tu mnapepeta mtama!"

Paskalina alimkumbatia mtoto kwa nguvu.

Jirani yule aliitwa Bi Mwamvua. Alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa Tabora, mjane wa mchuuzi wa nguo. Alilima mboga nyuma ya nyumba yake na kuziuza kambini. Tena alikuwa na kazi nyingine ambayo watu hawakupenda kuitaja. Mwanamke wa Kiislamu akifa, mjini au kambini, Bi Mwamvua ndiye aliyeitwa kuosha maiti.

Jioni ile, Melania alipokwisha kulala, alikuja akaketi mlangoni kwa Paskalina bila kukaribishwa.

"Watu husema, mficha maradhi, kifo humuumbua," alianza. "Nyinyi mmeficha kifo chenyewe. Mnadhani kitamuumbua nani?"

"Bi Mwamvua, si mimi. Shemeji alikataza."

"Shemeji yako alikuwapo pale shimoni leo? Mguu wa mtoto kaushika yeye?"

"Atanichukulia mtoto."

"Shimo lingekuchukulia leo hii. Nalo halina baraza la kwenda kushtaki."

Paskalina alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Nitamwambiaje? Ni mdogo."

"Mdogo, lakini si mjinga. Sikiliza. Nimeosha maiti miaka ishirini. Nimewaona watoto wa kila namna. Mmoja aliambiwa bibi yake amelala. Yule mtoto akakataa kulala mwezi mzima, akiogopa kwamba akilala naye atafukiwa. Mwingine aliambiwa Mungu alimpenda mama yake ndiyo maana akamchukua. Basi akaanza utundu. Anavunja vyungu, anatukana watu. Alipoulizwa, akasema hataki Mungu ampende."

Paskalina alitaka kucheka, akashindwa.

"Kwa hiyo niseme nini?"

"Sema neno lenyewe. Amekufa. Si amesafiri, si amelala. Amekufa. Kisha mweleze kufa ni nini, kwa maneno machache. Kisha unyamaze. Akilia, lia naye. Akiuliza mara kumi, jibu mara kumi, na jibu liwe lile lile."

"Na akiuliza nisilolijua?"

"Sema hulijui. Na akiuliza mwili wake umekuwaje, mlete kwangu. Hilo nina mahali pa kumwonyesha."

Asubuhi ya Jumapili Paskalina alipiga magoti kabla jogoo hajawika. "Bwana," alisali, "nimewaogopa watu kuliko nilivyokuogopa wewe. Nilisema uongo katika nyumba hii kila Jumamosi. Leo siogopi. Nipe mdomo."

Alimwamsha Melania. Alimkalisha mbele yake juu ya mkeka, magoti kwa magoti.

"Melania, jana uliniuliza zamu gani ile. Leo nakujibu. Baba hayupo zamuni. Tulikudanganya. Baba amekufa."

Mtoto alimtazama bila kupepesa macho.

"Alipata homa mwezi wa saba," Paskalina aliendelea. "Moyo wake ukasimama. Mtu aliyekufa hapumui. Haoni, hasikii, hana njaa wala baridi. Harudi. Tulimzika makaburi ya kambini."

"Mwongo!"

"Jana nilikuwa mwongo. Leo si mwongo."

"Baba mkubwa kasema yuko zamuni!"

"Baba mkubwa naye alikudanganya. Aliogopa."

Melania aliinuka. Alimpiga mama yake ngumi za kifua, mara tatu, mara nne. Paskalina hakumzuia. Kisha mtoto alitoka mbio, akaenda moja kwa moja hadi bustani ya jirani.

"Bibi! Bibi Mwamvua! Mayu anasema Baba amekufa!"

Bi Mwamvua alikuwa ameinama juu ya matuta ya mchicha. Alijinyoosha polepole, mkono kiunoni.

"Mayu wako amesema kweli, mjukuu wangu."

Hapo ndipo Melania alipolia. Alilia kilio cha miezi mitatu. Paskalina alifika, akaketi chini kwenye udongo, akamchukua mapajani, wakalia pamoja. Bi Mwamvua aliendelea kung'oa magugu karibu yao. Jua lilipanda.

Machozi yalipopungua, Melania aliuliza kwa sauti ya mafua, "Sasa yukoje, kule alikozikwa?"

Wanawake walitazamana.

"Unamkumbuka Bwana Shauri?" Bi Mwamvua aliuliza.

Bwana Shauri alikuwa jogoo wake mwekundu. Alimpa jina la cheo cha afisa wa serikali anayeamua kesi, kwa sababu kuku wawili wakigombana, yeye alikuja mbio na kuwadonoa wote wawili.

"Yule aliyeninyang'anya hindi?" Melania alisema, akivuta makamasi.

"Huyo huyo. Mwezi wa saba aligombana na nguchiro, akashindwa kesi. Nilimzika. Njoo nikuonyeshe."

Kwenye kona ya bustani kulikuwa na shimo la mbolea, kina chake kama kiuno cha mtu mzima. Bi Mwamvua alieleza alivyolijaza. Chini kabisa alimweka Bwana Shauri, akamfunika kwa udongo. Juu yake akatandika mabua ya mtama, kisha maganda ya mihogo, kisha samadi ya ng'ombe, kisha majivu kidogo na udongo tena. Akafanya hivyo mpaka shimo likajaa. Kila wiki alilinyunyizia maji. Mara mbili alichota matabaka ya juu kwa jembe na kuyageuza, ili hewa iingie.

"Leo limekuwa tayari. Shika jembe, Mama Melania."

Walichimba. Mvuke mdogo ulitoka. Melania aliweka mkono wake, akautoa haraka.

"Kuna joto!"

"Kuna kazi humo. Kazi ina joto."

Mabua hayakuwamo tena. Maganda hayakuwamo. Kulikuwa na udongo mweusi, laini, wenye harufu kama ya mvua ya kwanza. Nyungunyungu wanene walijikunja kwenye mwanga. Walipofika chini, Melania aliokota unyoya mmoja mwekundu. Kisha mfupa mwembamba. Kisha mwingine.

"Bwana Shauri yuko wapi?"

"Ndiye huyo."

"Huu ni udongo."

"Ameoza. Wadudu wadogo, na wengine wasioonekana kwa macho, wamemla kidogo kidogo, wakamrudisha udongoni. Kila kilichokuwa na uhai kinarudi hivyo. Jani, mbuzi, mti mkubwa."

"Aliumia?"

"Alianza kuoza akiwa amekwisha kufa. Aliyekufa haumii."

Walichota udongo ule mweusi kwa karai, wakaumwaga kwenye matuta. Bi Mwamvua alimwonyesha Melania jinsi ya kuuchanganya kwa vidole. Tuta la kushoto lilikuwa na mbolea ya shimo la mwaka uliopita, na mchicha wake ulikuwa mpana kama kiganja. Tuta la kulia halikuwa limewekwa kitu mpaka siku ile, na mchicha wake ulikuwa wa njano.

"Kwa hiyo mchicha huu utamla Bwana Shauri?" Melania aliuliza.

"Utakula udongo. Na udongo umemla Bwana Shauri. Na wewe utakula mchicha."

Melania alijishika tumbo. "Nitamla Bwana Shauri!"

"Deni la hindi lako litakuwa limelipwa," alisema Bi Mwamvua, na wote watatu wakacheka. Paskalina alishangaa kusikia kicheko chake mwenyewe.

Kicheko kilipoisha, Melania alirudisha vidole vyake udongoni.

"Na Baba? Naye anaoza?"

Bi Mwamvua alimtazama Paskalina. Swali lile lilikuwa la mama.

Paskalina alichuchumaa kando ya mtoto. "Ndiyo. Mwili wake unarudi udongoni, polepole. Hasikii maumivu."

"Nikipanda mchicha kaburini, Baba ataota?"

"Hapana, mwanangu. Majani yataota, maana udongo unapewa uhai na kuutoa tena. Mungu aliuumba hivyo. Lakini majani si Baba. Umeona, Bwana Shauri hakutoka shimoni akiwika. Baba harudi."

"Roho yake je?"

"Roho yake iko kwa Mungu. Hilo siwezi kukuonyesha kwa jembe. Ninaliamini tu."

"Na mimi pia," Bi Mwamvua alisema. "Kwa sala yangu, naye kwa yake."

Maswali hayakuisha siku ile. Yalikuja wakati wa kuchota maji, wakati wa kula, wakati wa kusali. Siku ya tatu lilikuja lile ambalo mtoto alikuwa amelificha.

"Mayu, Baba alipoondoka mara ya mwisho, aliniambia nimletee maji ya kunawa. Nilikataa. Nilikuwa nacheza. Ndiyo maana alikufa?"

Paskalina aliweka mtungi chini.

"Tazama macho yangu. Homa ndiyo iliyomwua Baba. Homa ile huletwa na mbu. Haiji kwa sababu mtoto amekataa kuchota maji. Si wewe. Umesikia? Si wewe."

"Si mimi," Melania alirudia.

Tangu siku ile alilala mpaka asubuhi. Hakwenda tena njia panda. Siku nyingine alilia, siku nyingine aliruka kamba na wenzake, na siku nyingine alifanya yote mawili kwa saa moja. Paskalina alikwenda na wanaume wa kijiji wakayazungushia mashimo ya zamani uzio wa miiba.

Wiki ya pili ya mvua, Bujiku alikuja. Alikuja na fimbo yake na kifurushi kidogo kilichofungwa kwa jani la mgomba.

"Shikamoo, Baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea kitu." Alifungua kifurushi. Ndani mlikuwa na kipande cha sukari guru. "Nilikutana na baba yako kule mgodini. Kaniambia, mpelekee Melania, mwambie zamu inakaribia kwisha."

Paskalina alikuwa uani akitwanga. Mchi ulisimama hewani.

Melania aliipokea sukari guru kwa mikono miwili, akapiga goti kama alivyofundishwa.

"Asante, Baba mkubwa. Lakini Baba hawezi kutuma kitu. Baba amekufa."

Bujiku alirudi nyuma hatua moja. "Nani kamwambia mtoto huyu?"

"Mimi," Paskalina alisema.

"Na mimi!" ilisikika sauti kutoka ng'ambo ya ua.

"Wewe mgeni wa Tabora, nyamaza!"

"Mgeni ndiye aliyeushika mguu wa mtoto wenu! Wenyewe mlikuwa wapi?"

Bujiku hakumsikiliza. Alimnyooshea Paskalina fimbo. "Nilikuonya. Sasa kifo kinalijua jina lake. Funga nguo za mtoto, twende."

Paskalina alisimama mlangoni, mchi mkononi.

"Hatoki."

"Ng'ombe tulitoa, shemeji!"

"Mlitoa ng'ombe, nikawa mke wa ndugu yako. Nilimpikia, nilimzalia, nilimlilia. Lakini ulimi wangu hamkuununua. Mtoto wangu hatadanganywa tena ndani ya nyumba hii. Si na wewe, si na mimi, si na mtu yeyote."

"Nitakwenda kwa mtemi!"

"Nenda! Na mimi nitakwenda. Nitawaambia wazee wa baraza habari za shimo, na kamba. Halafu waamue ni nani aliyetaka kumwua mtoto."

Bujiku alishusha fimbo.

"Shimo gani?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Melania ndiye aliyejibu.

"Shimo la zamani, Baba mkubwa. Ulisema Baba yuko zamuni. Nilidhani amekwama chini. Nilimpelekea ugali kwa kamba, nimvute. Ukingo ukabomoka."

Bujiku alimtazama mtoto. Kisha aliitazama njia ya mashimo. Aliketi palepale kwenye matope, mtu mzima mwenye ng'ombe wake, bila kutafuta kigoda.

"Niliogopa kifo kisije kikalijua jina lako," alisema kwa sauti ndogo.

"La Baba kililijuaje?" Melania aliuliza. "Naye alitajiwa?"

Bujiku alitikisa kichwa. Melania alichuchumaa mbele yake.

"Wewe ndiye uliyemzika?"

"Ndiyo."

"Alivaa nini?"

Kuku walipita kati yao.

"Shati langu," Bujiku alisema. "La kwake lilikuwa limelowa jasho la homa. Nilivua langu la kaki nikamvalisha. Nilirudi nyumbani kifua wazi." Alifunika uso kwa kiganja. "Mdogo wangu. Sikumlilia. Nilikuwa na kazi ya kuwanyamazisha watu."

Melania alimega kipande cha sukari guru, akamtilia mkononi.

Siku iliyofuata walikwenda wote makaburi ya kambini, Bi Mwamvua naye. Mvua ilikuwa imeotesha majani machanga juu ya tuta la Cornel. Melania aliyagusa, hakuyang'oa. "Haya si Baba," alimweleza Bujiku, kama mtu anayemfundisha mgeni. "Ila yanakula udongo wa pale alipo." Kisha Paskalina aliongoza sala, na Bi Mwamvua akainua viganja vyake akaomba dua.

Walipomaliza, Bujiku hakuondoka. Alikuwa akichora chora chini kwa fimbo.

"Shemeji, kwangu nako kuna watoto watatu."

Paskalina alijua. Kila mtu alijua. Mkewe Bujiku, Paskazia, alikufa mwaka juzi akijifungua. Watoto waliambiwa mama yao amekwenda kuuguza ndugu kule Chato.

"Kila lori la Chato likipita, wale wadogo wanakimbilia barabarani," Bujiku alisema. "Nimechoka kuwaita warudi."

"Waambie."

"Twende wote. Sijui kuanza."

"Tutakaa karibu. Lakini utasema wewe."

Walifika kwa Bujiku alasiri. Serafina, binti yake mkubwa wa miaka kumi, alikuwa akichambua kunde. Wadogo wake wawili walikuwa wakimchezea ndama. Bujiku aliwaita. Safari hii hakusimama juu yao. Aliketi chini, usawa wa nyuso zao. Paskalina aliona jinsi mikono yake mikubwa ilivyoshikana.

"Wanangu," alisema, "mama yenu hayupo Chato. Mama yenu amekufa."

Wadogo walimtazama. Serafina hakuinua macho kutoka kwenye kunde.

"Najua, Baba," alisema.

"Unajua?"

"Nilimwona siku ile, kwenye upenyo wa ukuta. Mlikuwa mkimfunga shuka."

"Mwaka wa pili huu! Mbona hukusema?"

"Niliogopa kukuambia. Ulikuwa unasema Chato kila siku. Nilidhani hujui."

Kunde zilimwagika. Bujiku alikuwa amemvuta binti yake kifuani, na wale wadogo wakajitupa juu yao wote wawili, wakilia kwa sauti hata ndama akakimbia. Hakuna mtu aliyewanyamazisha.